KHOFU YA MWILI NA NAMNA YA KUITULIZA

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa khofu si aibu kwa mwanamume, wala si dalili ya upungufu wa imani. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alihisi khofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, naye ni Mtume. Basi litupasalo si kuikana khofu, bali ni kuijua na kuiongoza.

Twaa mfano wa dereva wa pwani apelekaye shehena Tunduma kutoka Dar es Salaam. Amekwisha kupanda Kitonga katika Iringa, naye sasa amepumzika Ilomba, mjini Mbeya. Mbele yake uko mteremko wa Iwambi ushukao Mbalizi, ambao watu wengi wamefia hapo. Mara moyo humwenda mbio, viganja hutoka jasho, kinywa hukauka na kifua humbana. Husema, "Nimerogwa," akatoa fedha zake kwa waganga; au huiacha kazi, watoto wake wakakosa chakula.

Sababu yake ni hii. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, umbo lake mfano wa lozi, nayo ni kama bawabu. Ikihisi khatari haingoji akili ifikiri. Khabari hufika upesi kwenye tezi zilizo juu ya mafigo, nazo hutoa adrenalini. Hapo damu husukumwa kwa nguvu kwenye misuli, ili mtu apigane au akimbie. Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Lakini bawabu huyu mara nyingi hupiga kelele kwa khatari iliyopo na kwa ile inayowazwa tu.

Dawa yake ni mambo matatu.

Kwanza, kupambanua. Khofu yenye sababu hutiiwa: breki zikaguliwe kabla ya kushuka, na gari lishuke kwa gia ndogo.

Pili, pumzi. Akiwa amesimama kando ya njia, avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, kwa dakika tano. Kutoa pumzi hivyo hupunguza mwendo wa moyo. Mwaka 2001 tabibu Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliwapima watu 23 wakikariri maneno ya ibada, wakaona pumzi zao zimeshuka hadi kama sita kwa dakika. Basi asomaye nyuradi zake kwa taratibu, bila ya kuharakisha, ameshika njia iyo hiyo.

Tatu, mazoea. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alifundisha katika kitabu chake *Masalih al-Abdan wal-Anfus* kwamba nafsi izoezwe kidogo kidogo lile iliogopalo. Basi dereva yule na ashuke kwanza mchana, pamoja na mwenziwe mzoefu, kisha arudie tena na tena. Kila akimbiapo, khofu huzidi nguvu.

Ama maumivu ya kifua yaendayo mkononi au tayani, au kuzimia, hayo si ya kungoja. Aende hospitali upesi.

Wala mtu asidhani kuwa haya yapingana na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mwenye kutawakali hukagua breki zake, kisha husema Bismillahi akashuka.