Boriti Zilizooza Chini ya Zulia



Neno boriti wengi wetu tunalijua kutoka Mathayo 7, ile boriti ya jichoni. Mimi wiki mbili zilizopita nimeshika boriti zenyewe, zimeoza, zinabonyea kama mkate uliolowa chai.

Niko Kentucky, Marekani, kwa mazoezi ya kichungaji. Parokiani tuna familia kadhaa za Wakongomani waliokuja kama wakimbizi. Mama mmoja mwenye watoto wanne alinunua nyumba ya bei nafuu, zile ndefu zinazoundwa kiwandani na kuvutwa kwa lori mpaka kiwanjani. Yake ni ya mwaka 1974, miaka miwili kabla kanuni za nchi nzima za nyumba hizo hazijaanza kutumika. Mlangoni mwa bafu sakafu ilikuwa inazama ukikanyaga. Alitandika zulia pale, na watoto wakazoea kuruka.

Fundi wetu alikuwa mzee wa parokia, seremala kutoka Bukavu. Mimi nina digrii ya falsafa, naweza kukueleza maada na umbo kwa Aristotle, ila jeki sikuwahi kuishika. Hata hivyo nikatoa ushauri: "Baba, tupigilie plaiwudi mpya juu, tumalize leo leo." Akacheka. "Frateri, hiyo plaiwudi utaipigilia kwenye nini?"

Akanipa bisibisi. Tukaondoa zulia, akaniambia nichome mbao kila baada ya kiganja kimoja. Mbao nzima inagoma. Iliyooza, bisibisi inaingia bila nguvu. Nilianzia mlangoni nikaishia chini ya choo, na hapo ndipo maji yalipokuwa yanatoka: pete ya nta inayoziba kati ya choo na bomba ilikuwa imechoka. Tone kwa tone, miaka.

Nyumba hizi zina shida yake. Sakafu ya zamani ni chipubodi, vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Ikilowa inavimba na kumeguka. Chini yake kuna boriti, chini ya boriti pamba ya kuzuia baridi, halafu kitambaa kizito cheusi kinachofunika tumbo lote la nyumba, na chuma cha fremu kinachobeba yote. Maji yakishapita chipubodi hayana pa kwenda. Pamba inayanyonya, kitambaa kinayashika, na boriti zinakaa kwenye unyevu usiku na mchana. Juu, zulia zuri kabisa.

Kwa hiyo kazi ilianza na maji. Tulifunga maji na kuzima umeme kwanza, maana mabomba na nyaya hupita humo humo sakafuni, tukavaa barakoa. Tukang'oa choo, tukakata chipubodi mpaka tukafika kwenye mbao nzima, tukatoa pamba iliyolowa. Halafu feni, siku tatu. Mimi nilitaka siku moja. Mzee alisema ukifunika mbao mbichi umeulea ukungu.

Boriti tatu zilikuwa zimekwisha. Tuliinyanyua sakafu kwa jeki, polepole sana, kisha tukachonga sehemu zilizooza na kuunga boriti mpya ubavuni mwa kila ya zamani, kwa gundi na bolti. Ile mpya lazima ipite kidonda, ishike mbao nzima pande zote mbili. Sisi tuliiacha ipite futi 3 kila upande penye nafasi. Boriti inayoishia palipooza haijashika kitu. Ndipo plaiwudi, ya unene uleule wa sakafu ya zamani, na pete mpya ya nta.

Nikiwa nimelala kifudifudi na bisibisi yangu niliwaza jambo langu. Chuoni nilikuwa mweka hazina wa darasa. Nilitumia shilingi 60,000 za mchango wa msiba, na lawama ikamwangukia mwenzangu aliyekuwa anakusanya. Niliungama, mwaka huo huo. Padre aliniambia nirudishe. Sikurudisha, nikajisemea Mungu amekwisha nisamehe.

Amesamehe, sina shaka. Lakini soma KKK 1459: ondoleo linafuta dhambi, haliponyi kila uharibifu ambao dhambi imeleta, na anayemdhulumu jirani anatakiwa kufanya awezalo kurekebisha, kurudisha mali na pia jina jema. Zakayo katika Luka 19 alilielewa hilo palepale. Hakungoja mahubiri, alitaja mara nne. Mimi mwanafalsafa nilihitaji choo kinachovuja. Na pesa ndiyo sehemu nyepesi. Jina la mtu ndilo lililokaa kwenye maji muda wote huo.

Jumatatu nilituma 60,000 kwa familia ya yule marehemu. Jumanne nikaandika kwenye grupu la darasa, watu 38, kwamba aliyekula mchango ni mimi. Wachache wamenipongeza, jambo lililoniumiza zaidi. Mmoja ameuliza kama mkuu wa seminari anajua. Nimemwambia bado, nitamweleza Ijumaa. Mwenzangu mwenyewe ameandika tu, "Sawa. Mama yangu alifariki akiamini ni mimi."

Jumamosi tunarudi kwa yule mama kufunga kitambaa cha chini. Watoto wake bado wanaruka pale mlangoni.