ELIMU KWA UMMA: Njia ya Hoja ya Kijiji Hadi kwa Mbunge

Wananchi wengi humkumbuka mbunge wao mambo yanapokuwa yameharibika: kalavati limesombwa na mvua, au mgonjwa amelazimika kusafirishwa kwa mtumbwi usiku ziwa likiwa limechafuka. Simu hupigwa, ahadi hutolewa, kisha hufuata kimya. Mara nyingi sababu ya kimya hicho ni kwamba hoja ilifika kwa mdomo tu, bila maandishi yanayoweza kushughulikiwa na ofisi yoyote.

Nafasi ya mbunge

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inaruhusu waziri kuulizwa maswali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge wa jimbo ni mjumbe pia wa baraza la madiwani. Ana mahali pawili pa kusemea: Bungeni Dodoma na katika halmashauri yake. Hata hivyo, yeye si mkuu wa watumishi wa halmashauri, wala hatoi fedha za miradi kwa amri yake mwenyewe.

Eneo hili la wilaya za Mbinga na Nyasa lina majimbo matatu: Mbinga Mjini, Mbinga Vijijini na Nyasa. Mkazi wa Kigonsera hupeleka hoja Mbinga Vijijini. Wa Liuli au Lituhi huipeleka Nyasa.

Hoja huanzia kijijini

Tuchukue mfano wa kijiji cha mwambao ambacho wananchi wake wamefyatua tofali, wamesomba mawe na kuinua boma la zahanati hadi kwenye lenta. Bati hazikupatikana, na mvua sasa inamomonyoa kuta. Mama mjamzito bado anafuata huduma mbali.

Kwanza, hoja iwasilishwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, na mkutano hupaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari uandikwe na orodha ya mahudhurio iambatishwe.

Pili, muhtasari upelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani.

Tatu, hoja ifikishwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala ipelekwe ofisi ya mbunge.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Itaje kijiji na kata, tatizo, nguvu za wananchi zilizokwisha kutumika, kiasi kinachopungua kwa mujibu wa mtaalamu wa ujenzi, na ofisi zilizokwisha kupokea hoja hiyo.

Msaada unaoweza kutolewa

Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 inampa mbunge uenyekiti wa kamati ya mfuko huo. Fedha zake ni za miradi ya jamii. Boma linalosubiri bati ni ombi linalofaa. Ada ya mtoto au gharama za msiba si matumizi ya mfuko huo.

Tatizo likizidi uwezo wa halmashauri, mbunge anaweza kuuliza swali Bungeni au kulifuatilia katika taasisi husika. Mwananchi amsaidie kwa kutaja taasisi sahihi: RUWASA kwa maji vijijini, TARURA kwa barabara za vijijini na mijini, na TANROADS kwa barabara kuu kama ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay.

Wakati nao una uzito. Bajeti ya Serikali hujadiliwa Bungeni kati ya Aprili na Juni, na halmashauri huandaa makisio yake miezi kadhaa kabla. Hoja inayofika Mei huenda ikasubiri mwaka mzima.

Mipaka yake

Mbunge hawezi kubadili hukumu ya mahakama, kumpatia mtu ajira serikalini wala kuamua zabuni. Mgogoro wa shamba la kahawa kati ya ndugu huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji.

Ufuatiliaji

Kila barua ibaki na nakala yenye tarehe na muhuri wa mapokezi. Mkutano wa kijiji unaofuata uulize hatua iliyofikiwa, na jibu liingizwe katika muhtasari. Swali likiulizwa Bungeni, jibu la waziri huhifadhiwa katika Taarifa Rasmi za Bunge; kijiji kiombe nakala, kwa kuwa ahadi iliyoandikwa hudaiwa kwa urahisi zaidi.

Viongozi hubadilika kila uchaguzi, lakini jalada la kijiji hubaki. Kijiji kinachotunza maandishi yake hakilazimiki kuanza upya kila anapokuja mbunge mpya.