Tanga hadi Mkoani usiku

Swali: Tuko marafiki wanne, tuna yoti ndogo. Tuondoke Tanga saa ngapi kuelekea Mkoani, Pemba?

Jibu: Saa saba usiku. Ni kama maili 40 za baharini. Kwa mwendo wa noti tano mtatumia saa nane hivi. Mkifika jua linapochomoza, litawapiga machoni, na miamba ya magharibi mwa Pemba hamtaiona. Kufika saa tatu asubuhi afadhali.

Mkondo wa hapo husukuma kaskazini, wakati wa kusi ndiyo balaa. Elekezeni omo kusini ya Mkoani, msijisahau.

Zamu: wawili macho, wawili walale. Anayetoka nje ajifunge kamba, hata bwana nahodha. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisheni.