Mzee anaposahau njia ya nyumbani: si uzee tu, wala si uchawi

MSOMAJI, huenda nyumbani kwako kuna mzee anayeuliza swali lilo hilo mara kumi kwa saa moja. Jamaa mmoja anasema ni uzee tu. Mwingine ananong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Wiki hii tuutazame ugonjwa wa Alzheimer na jinsi ya kumtunza anayeuugua.

Ni ugonjwa gani?

Alzheimer ni ugonjwa wa ubongo. Ni mmoja wa maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na fikira, ambayo kwa jumla huitwa dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wa dimenshia wana Alzheimer.

Jina lilitokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 aliuchunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki mwaka huo. Aliukuta umenywea, una madoa ya ajabu, na nyuzinyuzi zimejisokota ndani ya seli. Leo tunajua kwamba hizo ni protini zinazorundikana kwa miaka mingi kabla ya dalili kuonekana.

Sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya ndiyo huathirika mapema. Ndiyo maana mzee hukusimulia habari za ujana wake bila kukosea, lakini hakumbuki kama amekula asubuhi hii. Hakufanyii maringo.

Nitajuaje kuwa si usahaulifu wa kawaida?

Kila mtu husahau. Mzee akisahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka baadaye, usiwe na hofu. Wasiwasi uanze ukiona haya:

* Anapotea njia aliyoizoea kwa miaka mingi.
* Anashindwa na kazi aliyoimudu, kama kupika ugali au kuhesabu pesa za maziwa.
* Anaweka vitu pasipofaa, kisha anawashuku wajukuu kuwa wameviiba.
* Anakwama katikati ya maneno, au hatambui siku na mahali alipo.
* Tabia yake inabadilika: mpole anakuwa mkali, mcheshi anajitenga.

Dalili hizi ndizo hugeuzwa ushahidi wa uchawi. Mama mzee anayetangatanga usiku akijisemea peke yake anahitaji daktari. Mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, baada ya kudaiwa kuwa wachawi. Neno la uvumi unalolitamka kuhusu mzee wako laweza kumgharimu maisha.

Kwanza hospitali

Usiamue mwenyewe kwamba ni Alzheimer. Yako maradhi mengine yanayovuruga akili, na baadhi yanatibika: upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, huzuni kuu, kaswende, virusi vya Ukimwi, pombe, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Hata dawa anazomeza zaweza kumchanganya. Zibebe zote uje nazo.

Zingatia muda. Alzheimer huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu jana na leo anaweweseka huenda ana nimonia, maambukizi ya mkojo, malaria au kiharusi. Huyo mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa Eldoret, anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utaelekezwa kwa wataalamu wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Dawa ya kuponya Alzheimer bado haijapatikana. Zipo za kupunguza dalili kwa muda, kama donepezili. Nyingine mpya, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, hupunguza kidogo tu kasi ya ugonjwa ukiwa bado mchanga, na yaweza kuleta uvimbe au damu ubongoni. Kwa hiyo dawa kubwa ni utunzaji.

Utunzaji wa nyumbani

Wengi humtoa mzazi shambani Ziwa au Turbo na kumleta katika nyumba ya kupanga Kapsoya au Langas. Wanafanya hivyo kwa upendo, lakini mahali pageni humchanganya zaidi. Ukilazimika kumhamisha, mletee kiti chake, blanketi lake na kikombe chake. Ale, aoge na alale kwa saa zile zile kila siku.

Usibishane naye. Akisema jioni kwamba anakwenda kufungia ng'ombe, usimwambie ng'ombe waliuzwa zamani. Muulize habari zao, mpe chai, kisha mgeuzie mawazo.

Mtilie mfukoni kadi yenye nambari yako ya simu. Acha taa ya msalani ikiwaka usiku. Funga mtungi wa gesi na ufiche dawa. Usimfungie peke yake, wala usimfunge kamba.

Mambo ya shamba na benki yashughulikieni mapema, mbele ya wakili, akiwa bado anaelewa. Kumtilisha sahihi mzee asiyejua anachotia sahihi ni dhuluma, na huzaa kesi kati ya ndugu.

Mtunzaji naye ni binadamu

Mara nyingi mzigo humwangukia binti mmoja au mke wa mwana. Wanaoishi Nairobi au ng'ambo hutuma pesa, na wanastahili shukrani. Lakini watume siku zao pia. Gawaneni zamu, ili anayelala na mzee apate usiku wa kupumzika.

Nawe msomaji, jikinge. Ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la jarida la Lancet ilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Pimwa shinikizo la damu na kisukari, acha sigara, punguza pombe, fanya mazoezi, tibu masikio yasiyosikia vizuri, na usijitenge na watu.

Na yule mzee anayerudia swali? Mjibu tena kwa upole. Kwake ndiyo mara ya kwanza anauliza.