Nguzo za Tongoni na Mashine ya Maabara: Maswali kwa Mwalimu wa Uhandisi Ujenzi

Tongoni iko chini ya kilomita 20 kusini mwa jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Pana gofu la msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapatayo 40, na hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo kama hapo. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Nafundisha uhandisi ujenzi, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wazazi, mafundi na wenyeji kila ninapoyataja magofu haya darasani au barazani.

Mwalimu, chuo kina maabara na mashine zake. Wanafunzi waende Tongoni kutafuta nini?

Waende kuona jaribio ambalo maabara haiwezi kulifanya. Sisi tukichanganya zege leo, jibu tunalisoma baada ya siku 28. Kuta za Tongoni zimekuwa kwenye jua, mvua ya masika na upepo wa chumvi kwa zaidi ya miaka 500. Mwaka 1499, Wareno wa Vasco da Gama walipoiteketeza meli yao São Rafael kwenye pwani hii ya Mtang'ata, mji huu ulikuwa tayari na watu wake.

Mwanafunzi akisimama mbele ya ukuta wa msikiti ataona aina mbili za matumbawe. Sehemu kubwa ni mawe magumu yasiyo na umbo, yaliyopangwa ndani ya chokaa nyingi. Penye kingo na mapambo, mafundi walitumia matumbawe laini yanayotolewa baharini, yakachongwa yangali mabichi, kisha yakakauka na kuwa magumu. Hiyo ni elimu ya vifaa iliyokamilika: jiwe gani libebe uzito, jiwe gani lichongwe, na lichongwe lini. Kwenye nguzo utaona mashimo ya duara yalimokuwa mabakuli ya kigeni. Namwambia mwanafunzi asiguse, achore na apime. Hayo ni makaburi ya watu kabla hayajawa somo letu, na kwa sheria ya mambo ya kale hakuna ruhusa ya kumega hata kipande.

Niko kidato cha sita, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Ni kweli miaka ya mwanzo ya uhandisi ni hesabu tupu?

Hesabu ni nyingi, mwanangu, nisikufiche. Shahada ni miaka minne, na mwaka wa kwanza utakutana na hisabati, mekanika, michoro na sayansi ya vifaa. Lakini maabara inaanza mapema, na likizo ndefu utakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, Watanzania waliokuwa wakilazimika kwenda Nairobi au ng'ambo walipata mahali pa kusomea nyumbani. Leo kuna pia Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo cha Mbeya, Ardhi na vingine. Aliyepitia stashahada kwenye chuo cha ufundi naye ana njia yake ya kuingia, na mara nyingi mikono yake hushinda ya waliotoka sekondari moja kwa moja.

Ukihitimu hujawa mhandisi kamili bado. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka ufanye kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo usajiliwe kama mtaalamu.

Injinia, mimi fundi. Zege langu nalijua kwa jicho. Huo mchemraba wenu utaniambia nini nisichokijua?

Jicho lako naliheshimu, fundi. Lina kazi ambayo mashine haina, kwa mfano kujua kuwa mchanga umeloa kabla hujaongeza maji. Lakini jicho haliwezi kuona nguvu.

Tunachukua zege lile lile linalomwagwa, tunajaza umbo la chuma la milimita 150 kila upande, tunalishindilia, na kesho yake tunalitoa na kuliweka ndani ya maji. Siku ya saba tunavunja michemraba michache, siku ya 28 mingine. Zege la daraja la 25 linatakiwa libebe nyutoni 25 kwa kila milimita moja ya mraba. Uso wa mchemraba una milimita za mraba 22,500, kwa hiyo kipande kile unachokibeba kwa mikono miwili kinapaswa kuhimili karibu tani 57 kabla ya kupasuka. Mwanafunzi anayesimama kando ya mashine na kuiona sindano ikigota kwenye tani 30 hasahau. Mara nyingi mkosaji ni maji: mchanganyiko ulikuwa mzito kusukuma, mtu akaongeza ndoo moja ili kazi iende, na nguvu ikapotea pale pale.

Kwa mchanga, hata bila maabara unaweza kupima. Chukua chupa nyeupe, tia maji yenye chumvi kidogo, tia mchanga, tikisa vizuri, uache saa tatu. Udongo utatulia juu ya mchanga. Tabaka la udongo likizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au uachwe. Na mchanga wa ufukweni usiupeleke kwenye zege lenye nondo, kwa sababu chumvi itaila nondo kwa ndani na utaiona kazi yake baada ya miaka, jamvi linapoanza kumwaga vipande.

Nalisema hili kwa uzito. Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Ninapomfundisha kijana kuandika tarehe, kundi na namba ya kila mchemraba, ninawaza watu walioko chini ya jamvi.

Wazee walijenga kwa chokaa. Ina tofauti gani na saruji, na mnaipimaje?

Mawe ya chokaa au matumbawe yakichomwa kwenye tanuru hadi nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali. Ukiizima kwa maji unapata chokaa ya kujengea. Halafu inaanza safari ya kurudi: ukutani huvuta tena hewa ile ile ya kaboni na polepole inakuwa jiwe. Saruji ni mambo mengine. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo hadi nyuzi 1,450 hivi, na unga wake hugandishwa na maji yenyewe. Kwa hiyo saruji huwa ngumu haraka hata chini ya maji, na chokaa inahitaji hewa na muda mrefu.

Kuna jaribio moja ambalo sichoki kulionyesha. Tunatengeneza vipande vya chokaa na mchanga, tunaviacha miezi kadhaa, tunakivunja kimoja, tunakipulizia dawa iitwayo fenolfthalini. Sehemu ya nje iliyokwisha kuwa jiwe inabaki na rangi yake. Katikati, ambako hewa haijafika, panakuwa na rangi ya waridi iliyokolea. Kwa rula tu mwanafunzi anapima hewa imeingia milimita ngapi, na mwezi unaofuata anapima kipande kingine. Anaona mwendo unavyopungua kadiri unavyokwenda ndani, na anaelewa kwa nini ukuta mnene wa wazee haukujengwa kwa pupa.

Kinachonisikitisha ni kwamba kijana anaweza kuhitimu akijua vizuri zege la Ulaya na asijue ukuta wa matumbawe unabeba nyutoni ngapi, ilhali amezaliwa ndani yake. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, kuanzia mapango ya Amboni hadi kiwanda cha saruji Pongwe. Mada za utafiti wa mwaka wa nne zimetuzunguka.

Kwa nini nguzo zimeanguka na kuta zimebaki?

Ukuta umeshikana na kuta nyingine. Nguzo iko peke yake. Mawe na chokaa hubeba vizuri mgandamizo, lakini vikivutwa huachana. Tuchukue nguzo ya mfano, mraba, yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 4. Hesabu inasema uzito ukisogea zaidi ya moja ya sita ya upana, yaani sentimita 10 kutoka katikati, upande mmoja wa kitako unaacha kubanwa na ufa unaanza kufunguka. Kitovu cha uzito kikiwa mita 2 juu, maana yake kilele kimesogea sentimita 20 tu. Msingi ukizama kidogo upande mmoja, au mzizi wa mti ukiusukuma, sentimita hizo hufika. Ufa ukifunguka, maji na chumvi huingia na kumaliza kazi.

Hili nalifundisha kwa matofali madogo juu ya meza inayoinama. Wanafunzi wanakokotoa kwanza pembe ya kuanguka, wanaiandika ubaoni, ndipo meza inainuliwa. Tofauti kati ya namba ya ubaoni na ya mezani ndiyo somo la siku hiyo.

Basi kwa nini zisisimamishwe upya kwa saruji imara?

Kwa sababu saruji ni ngumu mno kwa jiwe lile na haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikuwa ukitoka kupitia chokaa. Ukiziba kwa saruji, unatafuta njia kwenye matumbawe, chumvi inaganda ndani ya vitundu vyake, na jiwe linasagika huku kiraka kikibaki kizima. Kiraka cha chokaa kinaweza kufa kabla ya jiwe, na kinabadilishwa.

Mjini Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Majumba kama hayo hayawezi kuhudumiwa kwa kukisia. Yanataka namba za nguvu ya ukuta, za unyevu, za mwendo wa nyufa, na namba hizo hazimo kwenye vitabu tunavyoagiza.

Shikamoo mwalimu. Bahari inaisogelea pwani yetu. Mtatusaidia nini kwa kupima tu?

Marahaba. Kupima ndiko kunakotuambia kama inasogea kweli, kwa kasi gani na msimu gani. Hapa Tanga maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo anayekuja siku moja ya maji mafu anaweza kuondoka na jibu la uongo. Inatakiwa vigingi vya kudumu nchi kavu, kipimo kutoka kigingi hadi ukingo, kila bamvua, kaskazi na kusi, mwaka baada ya mwaka. Mvuvi anayepita hapo kila alfajiri akipewa kamba ya futi na daftari atatuletea takwimu ambazo mtafiti wa wiki mbili hazipati. Na mikoko isikatwe; mizizi yake huvunja wimbi kwa gharama ndogo ambayo hakuna ukuta wa zege unaoifikia.

Utafiti wa wanafunzi huishia wapi?

Mwingi huishia kabatini. Nimeona ripoti nzuri ya chokaa ikifungwa kwa jalada gumu, ikapewa alama, na fundi wa chokaa aliyetoa sampuli asisikie neno. Siku hizi sikubali ripoti ya mwisho mpaka mwanafunzi alete karatasi moja ya Kiswahili yenye matokeo yake: vipimo vya mchanganyiko, nguvu iliyopatikana, picha ya kipande kilichovunjwa. Nakala moja inarudi kwa aliyetoa kifaa, nyingine kwa ofisi ya kijiji. Fundi akiisoma huwa ana swali, na swali lake mara kadhaa limekuwa mada ya mwanafunzi wa mwaka unaofuata.