Mipangilio ya Msingi ya Redio ya Mtandao Kabla ya Kupandishwa Juu ya Paa

Redio ya mtandao ya nje hufungwa juu ya paa au mlingoti ili kupeleka intaneti bila waya kutoka jengo moja hadi jingine. Mfanyabiashara wa Themi, jijini Arusha, mwenye ghala katika eneo la viwanda na ofisi upande wa Njiro, anaweza kuyaunganisha majengo hayo kwa redio mbili. Hata hivyo, mipangilio ya kiwandani haimlindi mtumiaji. Tunashauri hatua nne za mwanzo zikamilishwe redio zikiwa bado mezani.

1. Nywila. Redio nyingi za toleo moja hutoka kiwandani zikiwa na anwani moja, kwa mfano 192.168.1.20, na nywila iliyochapishwa katika kijitabu chake. Yeyote anayeifahamu anaweza kuingia. Badilisha nywila hiyo mara moja, kisha ipe kila redio anwani yake.

2. Nchi. Chagua Tanzania. Fundi anayechagua nchi nyingine ili kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi anaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine, zikiwemo rada za hali ya hewa zinazotumia sehemu ya masafa ya gigahezi 5. Matumizi ya masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

3. Kazi ya kila redio. Moja iwe kituo kikuu, nyingine iwe kituo pokezi. Zote mbili zitumie jina moja la mtandao na ulinzi wa WPA2 au mpya zaidi, wenye ufunguo mrefu usiokisika kwa urahisi.

4. Chaneli. Anza na upana wa megahezi 20. Upana mkubwa huongeza kasi, lakini pia hukusanya mwingiliano zaidi kutoka kwa redio za majirani.

5. Njia ya mawimbi. Baada ya kufunga, elekeza antena zikabiliane. Haitoshi majengo kuonana kwa macho: kwa umbali wa kilomita 2 na masafa ya gigahezi 5.8, ukanda wa mawimbi hutanuka hadi takriban mita 5 kila upande katikati ya njia. Tawi la mti lililo ndani ya ukanda huo, hasa majani yakilowa mvua ya masika, hudhoofisha mawasiliano. Kipimo cha desibeli −60 ni bora kuliko −80. Kipimo kikiwa duni, sogeza antena au inue mlingoti kabla ya kufikiria kuongeza nguvu.

Kabla ya kumlipa fundi, mtake akukabidhi kwa maandishi nywila, anwani za redio zote mbili na kipimo cha mawimbi cha siku hiyo. Asiyekuwa na nywila ya redio yake hulazimika kumwita fundi yuleyule kwa kila marekebisho, na asiyekuwa na kipimo cha awali hawezi kuthibitisha kwamba huduma imeshuka.

Ukikusudia kuwauzia majirani intaneti kupitia redio hizo, wasiliana kwanza na TCRA kuhusu leseni. Ikiwa tatizo linatokana na huduma ya intaneti yenyewe, peleka malalamiko kwa mtoa huduma wako; usiporidhika na majibu, yafikishe TCRA.