Berthe Morisot, Mchoraji wa Picha

Berthe Morisot alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Bourges, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mkubwa wa serikali. Berthe alipokuwa mtoto bado, jamaa yote ilihamia Paris. Huko mama yake alitafuta mwalimu wa kuwafundisha binti zake kuchora. Siku zile wasichana wa nyumba tajiri walifundishwa kuchora kidogo, kama vile walivyofundishwa kushona. Hakuna aliyefikiri kwamba kuchora kungekuwa kazi yao.

Lakini Berthe na mkubwa wake Edma walifahamu upesi mno. Mwalimu wao, Bwana Guichard, akaingiwa na wasiwasi. Akamwonya mama yao kwamba, wakiendelea hivyo, binti hao watakuwa wachoraji kweli, na katika nyumba kama yake hilo ni jambo la hatari. Mama hakuogopa. Masomo yakaendelea.

Shule kubwa ya serikali ya wachoraji haikupokea wanawake. Ilianza kuwapokea mwaka 1897 tu. Basi dada hao wawili walikwenda Louvre, nyumba kubwa yenye picha za zamani, wakaiga kazi za mafundi. Baadaye mzee Corot aliwafundisha kuchora nje, penye mwanga wa jua. Mwaka 1864 picha za wote wawili zilipokelewa katika maonyesho ya serikali.

Mwaka 1869 Edma aliolewa na askari wa majini, akahamia mbali. Akaacha kuchora. Berthe akabaki peke yake na rangi zake.

Mwaka 1872 Berthe alimchora Edma ameketi karibu na kitanda cha mtoto wake mchanga. Mtoto amelala chini ya pazia jembamba kama chandarua. Mama amekunja mkono wake, na mtoto naye amekunja mkono wake vilevile. Pazia ni jeupe. Lakini ukilitazama vizuri utaona buluu na kijivu ndani yake, maana mwanga hubadilisha rangi ya kila kitu. Jambo hilo ndilo Berthe na rafiki zake, Monet, Renoir, Degas na Pissarro, walilolitafuta. Mwaka 1874 walifungua maonyesho yao wenyewe. Watu wengi waliwacheka, wakasema picha hizo hazijamalizika. Picha ya Edma na mtoto ilikuwa mle.

Mwaka ule ule Berthe aliolewa na Eugène Manet. Je, aliacha kuchora kama Edma? Hapana. Mpaka mwaka 1886 rafiki hao walifanya maonyesho 8, naye alikosa moja tu, lile la mwaka 1879, kwa sababu alikuwa amemzaa binti yake Julie. Julie naye akawa mtu wa kuchorwa: akicheza, akisoma, akipiga fidla.

Mwaka 1895 Julie aliugua. Mama yake alimwuguza, akashikwa na ugonjwa yeye pia, akafa tarehe 2 Machi, mwenye miaka 54. Katika hati ya kifo, mahali pa kazi yake, karani aliandika: hana kazi.

Mwaka uliofuata rafiki zake walikusanya picha zake, wakazitundika kwa mikono yao wenyewe. Zilikuwa karibu 400.

Maulizo. Kwa nini Bwana Guichard alikuwa na wasiwasi? Pazia jeupe lina rangi gani ndani yake? Karani angaliandika nini?